Dungu la Mokai

Kulnap hakuwahi kumaliza kikao tangu azaliwe. Pale Aimbun, kijiji chao kilichoko mgongoni mwa mlima huko nyanda za juu za Papua, hakuna aliyelificha jambo hilo. Ibada ikianza, yeye keshatoka nje mara mbili kuangalia nguruwe. Watu wamekaa msibani wanalia, yeye anazungukazunguka anauliza nani kaenda kuleta kuni. Nyumba yake ilikuwa na kuta tatu. Ya nne alikuwa anaimalizia tangu binti yake Rut anatambaa, na Rut sasa anasoma darasa la pili. Wenzake walimwita Kitako-moto, naye mkewe, Dorkasi, alikuwa akisema kisimani kwamba yeye ameolewa na upepo, tena heri upepo, haudai chakula.

Msidhani alikuwa mvivu. Mvivu nani! Kazi alifanya, tena mbio mbio, ila kila kazi aliiacha katikati pale aliposikia nyingine inamwita.

Kaka yake Mokai alikuwa mtu mwingine kabisa. Huyo angeweza kukaa kwenye dungu tangu alfajiri mpaka jua la utosini bila kukohoa, upinde magotini, mtu akipita chini asijue kuna kiumbe juu. Dungu lenyewe lilikuwa kileleni mwa mti walioachiwa na baba yao, jukwaa la magogo manne lililozibwa kwa majani ya mkangaga. Mti ule ulizaa mara moja kwa mwaka, majuma mawili hivi, vitunda vyeusi vyenye kokwa moja ngumu, na ukiiva tu ninga wanauvamia.

Ninga wa mlimani ni ndege wa kujipamba. Mgongo kijani, kofia ya zambarau kichwani, kifuani mkufu mweupe, tumboni baka jingine la zambarau, utadhani anakwenda arusini kila siku. Lakini mlafi! Tunda hadonoi, analimeza zima zima na kokwa lake, mpaka kooni panavimba. Kwa hiyo mwindaji wa Aimbun akimwangusha, kabla hajafanya lolote, humminya kile kifuko cha kooni palepale chini ya mti na kurudisha matunda kwenye mizizi. Mti umekupa nyama, utauibia na mbegu? Hilo mtoto wa Aimbun analijua kabla hajajua kujifunga nguo.

Dungu hufungwa upya kila mwaka kabla matunda hayajaiva. Ndugu wawili hugawana kazi, mkubwa upande wa kulia na mdogo upande wa kushoto, na kila gogo hupigwa mizunguko mitatu ya henzirani kisha fundo. Mwaka uliopita Mokai na Kulnap walipanda pamoja. Kulnap alikuwa ameupiga mzunguko wa kwanza kwenye gogo la nje aliposikia eropleni ndogo inanguruma bondeni. Eropleni huja mara moja kwa mwezi, na safari hiyo ilisemekana inaleta mabati ya kanisa.

"Narudi sasa hivi, kaka," alisema, keshalikumbatia shina anashuka.

Hakurudi. Mabati yenyewe hayakuja, ulikuja mchele na mwalimu mmoja anayetapika. Siku mbili baadaye Mokai alipanda peke yake alfajiri, na dungu likainama upande wa kushoto.

Watu walisema ni mvua, henzirani za mwaka ule zilikuwa laini. Kulnap, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, safari hii hakusema neno. Alilia mpaka sauti ikamkauka, na lile jambo la mzunguko mmoja akalimeza. Tangu siku hiyo hakupata raha. Akilala anageuka, akila anasimama, akianza kuzungumza na mtu anaangalia pembeni. Watu wakasema, aa, Kitako-moto kazidi, msiba umemchanganya.

Mama yao, Yemis, hakulia kwa makelele kama wengine. Alifanya jambo la kutisha zaidi: alifunga kiazi.

Kwao mfiwa hujinyima kile chakula cha mwisho alichokula na marehemu, na hakigusi tena mpaka afunguliwe. Watu huwa wajanja katika hili. Mtu hukumbuka kwamba walikula nyama ya nguruwe, au muwa, kitu ambacho mwili unaweza kukikosa mwaka mzima. Yemis alisema kweli tupu. Asubuhi ile Mokai aliponyakua upinde wake, walimega kiazi kitamu kimoja nusu kwa nusu.

"Mama Mokai, kiazi?" wanawake walipiga kelele. "Una wazimu? Utakula nini? Sema mlikula ndizi!"

"Sikula naye ndizi," alisema Yemis.

Basi, ikawa hivyo. Na pale Aimbun kiazi ndicho cha asubuhi, cha mchana na cha jioni. Magimbi hayataki baridi ile, hutoka madogo kama vidole. Mwezi baada ya mwezi mama akaishi kwa mboga za porini, ndizi chache, na magimbi ambayo Dorkasi aliyafuata bondeni, mwendo wa nusu siku. Mganga wa zahanati akaja kumpima, akatikisa kichwa, akasema bibi huyu ale, vinginevyo sijui. Mchungaji naye akaja akamwambia Mungu hataki mtu afe kwa ajili ya kiazi.

"Sikumwahidi Mungu," Yemis akamjibu. "Nimemwahidi Mokai."

Kufunguliwa kwake kulikuwa na njia moja: nyama iliyotoka kwenye mti wa marehemu, imeletwa na mkono wa ndugu wa tumbo moja. Mti unazaa mara moja kwa mwaka. Na ndugu wa tumbo moja alikuwa mmoja tu, Kulnap Kitako-moto, mtu asiyeweza kukaa hata akamaliza kunyolewa.

Mwezi wa kumi na moja mti ukaiva. Jioni hiyo Dorkasi alimwekea mumewe upinde mlangoni na mishale mitatu ya vichwa vingi, ile ya ndege.

"Baba Rut, nisikilize," alisema. "Mama yako nimemwogesha leo. Mbavu zake nimezihesabu zote. Sitaki kusikia habari za nguruwe, wala eropleni, wala nani kapita njiani. Unakaa."

"Nitakaa."

"Unakaa, matako chini, mdomo umefungwa."

"Nimesema nitakaa, mwanamke!"

Alipanda kabla hapajapambazuka. Dungu la zamani lilikuwa limeanguka na mwenye nalo, hivyo binamu zake walishajenga jingine, magogo mapya na kamba mpya. Akakaa. Ukungu ukaanza kupungua, na bondeni ninga wa kwanza akaguna, huu, huu, sauti nene ya mtu aliyeshiba. Kulnap akageuza shingo kuiangalia kamba ya kushoto. Mizunguko mitatu. Akarudi kutazama mbele. Ninga wawili wakatua kwenye tawi la pili. Akainua upinde, kisha, mama wee, shingo ikageuka yenyewe kuiangalia tena ile kamba. Gogo likalia chini yake, na ninga wakapotea kwenye ukungu.

Siku ya kwanza ikaisha hivyo. Siku ya pili alishuka mara nne, mara kukojoa, mara kuchungulia kama gogo limeshika kwa chini, mara mbili bila sababu. Siku ya tatu alihisi dungu linainama. Alishuka mbio mpaka akachubuka tumbo lote, na alipotazama juu, dungu lilikuwa sawasawa kabisa. Akakaa mizizini analia kwa hasira. Juu yake hondohondo walikuwa wanajilia matunda bila wasiwasi.

Kijijini wakacheka, maana hawakujua.

"Kitako-moto, umepata?" waliuliza alipopita na upinde.

"Kesho."

"Kesho hiyo uikalie vizuri! Tukufunge na kamba?"

Neno kamba likamchoma, akaongeza mwendo. Dorkasi peke yake ndiye hakucheka wala hakumsema tena. Alimtazama tu, na Kulnap akaona afadhali angetukanwa.

Siku ya tisa mama yake alianguka akienda kuteka maji. Si mahali pabaya, njia tambarare tu, miguu ilimwisha nguvu. Dorkasi alimbeba mgongoni kumrudisha, na akasema baadaye kwamba alikuwa mwepesi kuliko mzigo wa kuni mbichi. Kulnap alisimama mlangoni akamwona mama yake amelazwa karibu na moto, macho makubwa, mashavu yameingia ndani. Matunda mtini yalikuwa yamebaki mafungu machache. Akatoka bila kuaga, akaenda moja kwa moja kwa Gobun.

Gobun alikuwa binamu yake upande wa baba, jitu jema lenye sauti kubwa. Mkuyu wake ulikuwa ng'ambo ya kijito nao ulikuwa umezaa. Alimkuta anashuka, ninga wanne mkononi.

"Gobun, ndugu yangu. Nipe mmoja."

Gobun akacheka kwanza, halafu akaona uso wake, akaacha.

"Wa mama?"

"Nipe tu, usiniulize."

"Huyu si wa mti wa Mokai, Kulnap. Unajua lakini."

"Ninga ni ninga. Nani ataona?"

"Mimi sijui kitu," Gobun alisema, akamtupia mmoja, dume zuri, kofia yake ya zambarau bado ina umande. "Na wewe hukuniona."

Kulnap akakimbia naye mpaka nyumbani. Alikimbia kwa furaha, nawaambieni, mara ya kwanza kwa karibu mwaka mzima. Aliingia akihema, akapiga goti mbele ya mama yake.

"Mama, huyu hapa. Amka tukufungue. Dorkasi, weka kiazi kwenye majivu, kile kikubwa!"

Yemis akainuka kwa kuegemea kiwiko. Akampokea yule ndege kwa mikono miwili, akampapasa kifua. Dorkasi alikuwa keshafukua majivu, machozi yanamtoka huku anacheka. Mama akaanza kunyonyoa shingo taratibu, kama inavyotakiwa, kwa sababu aliyefunga ndiye hunyonyoa mwenyewe. Vidole vyake vikafika kooni vikasimama.

Palikuwa pamevimba.

Kulnap akaona. Ile haraka! Alikimbia, hakuminya. Mwindaji aliyemwangusha ndege wake mwenyewe hawezi kusahau. Hilo halijawahi kutokea Aimbun tangu Aimbun iwepo. Na Gobun naye alikuwa bado hajafika mizizini kwake alipomkatiza.

Yemis akakipasua kile kifuko kwa ukucha. Makuyu yakatoka, mekundu, laini, yamejaa mbegu ndogondogo. Hapakuwa na kokwa hata moja. Akayakusanya kwenye kiganja, akamnyooshea mwanawe.

"Rudisha kwa Gobun," alisema. "Ni ya mti wake."

Dorkasi akaacha majivu, akamtazama mumewe.

"Mama, nilitaka ule," Kulnap alisema. "Nilitaka ule tu, mama. Unakufa!"

"Najua ulitaka nile." Hakupaza sauti. "Mwaka jana ulifunga kamba mzunguko mmoja, leo umeniletea ndege wa kuazima. Wewe mwanangu, lini utamaliza kitu?"

Kulnap akatafuta pa kuweka macho, asipate.

"Nilifika pale mtini kabla ya wanaume," Yemis akaendelea. "Nilimfunika kaka yako kwa mfuko wangu wa kusuka, halafu nikaliona lile gogo. Mzunguko mmoja. Nikaifungua ile kamba kwa mikono hii hii, nikaja kuichoma hapa motoni. Wakwe za kaka yako wangeiona wangekuja na mashoka, na mimi ningezika wawili."

"Ulijua siku zote hizo?"

"Nilikuwa nangoja uniambie. Miezi kumi na moja, Kulnap. Kila ukiingia nasema leo atakaa, atasema. Unaingia, unauliza kama kuni zipo, unatoka."

Akalala akageukia ukuta. Kulnap alitaka kusema, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kilio, kilio kibaya cha mtu mzima. Dorkasi hakumgusa. Aliyachukua yale makuyu na yule ndege, akavuka kijito akampelekea Gobun mwenyewe.

Alfajiri Kulnap alikwenda mtini na mzigo wa henzirani mpya. Kamba za binamu zilikuwa nzuri, hazikuwa na kasoro, lakini alizikata zote upande wa kushoto akaanza upya. Alifunga kwa sauti, peke yake kule juu.

"Moja. Mbili. Tatu. Kaka, hii ndiyo ya nje. Moja. Mbili. Tatu. Nilisikia eropleni, kaka. Nilikuacha kwa sababu ya eropleni." Akapiga fundo. "Nilizungusha mara moja nikaenda kutazama mabati."

Akakaa. Safari hii hakugeuza shingo. Si kwamba hofu ilimwacha, ilikuwapo, ila alijua kila mzunguko ulipo. Mtini palikuwa na fungu moja tu la matunda, karibu na ncha. Ukungu ukapanda, ukashuka. Miguu ikafa ganzi. Siafu mmoja akampanda shingoni akamuuma nyuma ya sikio, naye akamwacha aume.

Jua lilipokuwa juu akaja ninga mmoja. Akatua kwenye ile ncha, akameza tunda, akalimeza jingine, mkufu wake mweupe ukatanuka. Kulnap akauvuta upinde polepole mpaka kamba ikamgusa shavu. Akaachia. Mshale ukapita kando ya shingo ya ndege, ukachukua manyoya mawili na jani, ukaenda zake bondeni. Ninga naye akaenda zake.

Mtini hapakuwa na tunda tena. Mtu yeyote angeshuka. Kulnap aliweka upinde magotini akaendelea kukaa. Alijua tu kwamba akishuka sasa ataingia nyumbani na kuuliza habari za kuni.

Jua lilikuwa limeanza kuelekea upande wa pili aliposikia sauti chini. Alichungulia kupitia mkangaga. Mama yake alikuwa anapanda mteremko, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine begani kwa Dorkasi. Kila hatua tatu wanasimama. Njia ile kwa mtu mzima wa afya ni kitambo kidogo, wao walikuwa wametoka asubuhi. Yemis akafika mizizini, akakaa chini kwa kishindo, akahema muda mrefu kabla hajainua uso.

"Kulnap! Umepata?"

"Sikupata, mama. Alikuja mmoja, nikamkosa."

"Matunda yako wapi?"

"Yamekwisha."

"Sasa unakaa nini huko?"

Kulnap akafikiri. "Nakaa tu, mama."

Yemis akamgeukia mkwewe. "Tangu saa ngapi huyu?"

"Tangu hakujapambazuka," alisema Dorkasi. "Mama Gobun alikuwa shambani pale juu, anasema hajamwona akishuka hata mara moja."

"Hata kukojoa?"

"Hata kukojoa, mama."

Yemis akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikavu, kikageuka kikohozi, na Dorkasi akampiga mgongo. Alipotulia alikuwa analia, machozi anayafuta kwa nyuma ya kiganja bila haraka.

"Mama," Kulnap aliita kutoka juu. "Ile kamba ya nje niliizungusha mara moja tu. Nikaondoka. Mokai nimemuua mimi."

Dorkasi aliinamisha kichwa. Yemis aliweka kiganja chake kwenye mzizi, pale pale mwanawe wa kwanza alipoangukia, akakiacha hapo.

"Mokai," alisema, kwa sauti ya kawaida, ya kumwambia mtu aliye jikoni. "Mdogo wako amekaa. Umemwona?"

Kisha akanyoosha mkono kwa Dorkasi. "Mfuko wako una nini?"

"Chakula cha baba Rut tu, mama. Hakuna magimbi."

"Nimekuuliza una nini."

Dorkasi akatoa kiazi cha kuchoma, kimepoa, ganda limeshika majivu. Alikishika bila kumpa. "Lakini ninga hatukupata, mama. Watu watasema."

"Waseme," alisema Yemis. "Lete."

Akakipokea, akakipangusa kwenye sketi yake, akakitazama. Halafu akauma, na ganda lake. Meno yalikuwa yamebaki machache, ilimchukua muda kutafuna. Akameza, akauma tena. Juu ya mti Kulnap aliona taya la mama yake likienda, likisimama, likienda. Miguu yote miwili ilikuwa imekufa ganzi na machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni, naye hakusogea hata kidogo mpaka mama alipokimaliza chote.